Malalamiko: taa ya tangi la matumbawe na vile nilivyotendewa kaunta

Kwa Meneja,

Habari ya kazi. Naandika kwa heshima na nitajaribu heshima iendelee mpaka mwisho, ingawa hii ni mara ya nne na zile tatu za kwanza hamkujibu hata "tumepokea".

Nataka pesa ya taa, 38,500, pamoja na 14,000 niliyoongeza mliponibadilishia. Malipo yote yako kwa M-Pesa, na ile karatasi ya kurudisha bidhaa mmeibandika nyuma ya kaunta wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Jumamosi ile nilikuja na taa ndani ya boksi, na kipande kimoja cha akropora, lile tumbawe gumu la matawi, kwa mfuko wa maji, kimepauka cheupe kama chumvi. Kijana wenu akautazama mfuko akasema kwa sauti duka zima likasikia, "Mama, si samaki wako hai? Hayo mengine ni mawe tu. Ukitaka mawe si uende Nyali beach ukaokote." Watu wakacheka.

Mawe! Na nyinyi ndio mliniuzia hayo mawe, vipande sita, kila kimoja 4,500, mkanionyesha na karatasi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vya porini. Alafu hapo Nyali nje ni Marine Park, hifadhi ya bahari ya KWS, shirika la wanyamapori, ukitoa tumbawe unashikwa, kwahivyo mfanyakazi wenu ananishauri nifungwe.

Siku ya kununua nilisema wazi, tangi la maji ya chumvi, futi tatu, nataka kufuga akropora. Nikapewa taa nikaambiwa ina wati 60 na lumeni nyingi sana. Sasa nimeshajifunza kwa hasara yangu. Wati ni stima inayoliwa tu. Lumeni zinapima vile jicho la binadamu linaona, na jicho letu linapenda kijani, lakini tumbawe sio jicho, ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo mdogo ndio unaolilisha na huo unataka sana buluu, nanomita 400 mpaka 500 hivi. Boksi lenu limeandikwa kelvini 6,500, hiyo ni rangi ya mwanga, mweupe kama wa mchana, yaani taa ya tangi la maji matamu lenye majani! Rafiki yangu akaniazima mita ya PAR, ile inayopima mwanga ambao mwani huo unaweza kutumia, pale vipande vilipokaa ikasoma 60. Hiyo ni ya matumbawe laini, akropora inataka 200 kwenda juu. Ndio manake yaligeuka kahawia yote na mwani wa nywele ukajaa kwa vioo.

Nimeruka, kabla ya hiyo Jumamosi ndio mlinibadilishia, mkanipa ile kubwa ya buluu. Nikampigia fundi wenu nimuulize naiwekaje, akanijibu "weka mia kwa mia mama, si umelipia". Matumbawe yametoka kwa giza wiki tano alafu yapigwe mia kwa mia siku moja? Unaanza asilimia 30 hivi, unapandisha pole pole kwa wiki kadhaa, hata mtoto akitoka chumba cha giza anafunika macho. Siku nne yote meupe. Sisi watu wa pwani tuliona matumbawe yakipauka 1998 lakini ile ilikua joto la El Nino, haya yangu yameuliwa na simu ya fundi.

Na bado sijasema yote ya kaunta. Kijana aliushika ule mfuko akautikisa mbele ya watu kama anauza mabuyu, akauweka chini karibu na debe la takataka, simu yake iko mkono wa pili na hakuiacha hata dakika moja. Ndio akasema ni mawe tu. Binti yangu wa miaka tisa, aliyekua ameubeba mfuko kwa mikono miwili tangu nyumbani, akaniuliza "mama, kwani tulinunua mawe?" Msimamizi wenu alikua amesimama hapo hapo, akajifanya anahesabu risiti.

Kwahivyo 52,500 haitoshi tena. Ongezeni 27,000 ya matumbawe, jumla 79,500, na barua ya kuomba msamaha yenye sahihi ya msimamizi, iandikwe kwa jina la binti yangu. Nawapa siku saba. Ikipita, sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 ipo, na Small Claims Court inasikiza kesi mpaka milioni moja, hata wakili sihitaji, nitaenda na mita ya PAR na huo mfuko, bado uko kwa friza.

Taa iko kwa boksi lake hapa nyumbani. Mtume mtu aje aichukue, mimi siipandishi tena kwa matatu.

Mteja wenu, kwa sasa