Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujafunga Kava za Tapeti

Tanga, Ijumaa jioni

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi hapa hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na kuku wake wameanza kutaga tena.

Ama baada ya salamu, kifurushi hiki nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Ndani utakuta gasketi mbili za koki, fila yangu (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi), kikopo cha grisi, gundi ya gasketi, na kijiti cha mti mgumu nilichokichonga ncha bapa. Kijiti hicho usikidharau, nitakueleza kazi yake.

Juzi kwenye simu uliniambia umefungua kava zote mbili za tapeti za Volkswagen Beetle yetu, yale mabati yanayofunika vali pembeni mwa injini, kwa sababu oili ilikuwa inadondoka, na sasa hujui kuzirudisha. Ukaniambia pia kwamba kijana wa gereji ya jirani amekushauri upake silikoni nyingi, ubandike, basi. Mama, usimfuate. Si kwamba ni mtu mbaya, amezoea injini za siku hizi. Silikoni ikizidi, inapobanwa sehemu yake hutokea kwa ndani. Ile ya ndani hukatika vipandevipande, huanguka chini kwenye oili na kwenda kuziba chujio. Na injini hii haina filta ya oili kama magari unayoyaona barabarani leo. Chujio lake ni wavu mdogo tu chini ya tumbo lake, na oili yote ni lita 2.5. Ndoo ndogo ya maziwa inabeba zaidi ya hiyo. Oili hiyo ndiyo inalainisha, na kwa kuwa injini haina maji, ndiyo pia inayosaidia upepo kuipoza. Ndiyo maana tone linalodondoka kwenye gari hili si jambo la kusema nitalitazama mwisho wa mwezi.

Kwanza nikuombe kitu kimoja. Maadamu kava ziko wazi, usizifunge kabla hujapima tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya vali na roka, mkono unaoisukuma. Mtu akifungua kava halafu akafunga bila kupima ni kama aliyekwenda kisimani akarudi na ndoo tupu.

Zipime asubuhi kabla injini haijawashwa, iwe imelala usiku kucha. Mimi naweka 0.15 mm vali zote nane, za kuingiza hewa na petroli na za kutolea moshi. Silinda zinahesabiwa hivi: ukiwa umekaa kwenye usukani unatazama mbele, mkono wako wa kulia iko namba 1 mbele na namba 2 nyuma yake, na mkono wa kushoto iko namba 3 mbele na namba 4 nyuma yake. Fungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme wa plagi, zungusha puli, lile gurudumu la mkanda, mpaka rota inayozunguka ndani ya distribyuta itazame kile kikato kidogo kwenye ukingo na alama ya puli ikae sawa na mshono wa katikati ya injini. Hapo namba 1 iko tayari, vali zake zote mbili zimefunga. Ukimaliza hiyo, zungusha puli nusu mzunguko kinyume na mwendo wake wa kawaida, yaani kinyume cha mshale wa saa ukiwa umesimama nyuma ya gari. Utafika namba 2. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4. Injini huchoma kwa mpangilio wa 1, 4, 3, 2, kwa hiyo ukirudi kinyumenyume zinakuja kwa kuhesabu kama mtoto wa chekechea. Aliyenifundisha hilo alinipunguzia kazi ya kutambaa chini ya gari mara kumi.

Fila ipite kati ya skrubu ya roka na mkia wa vali kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Legeza nati, geuza skrubu kwa bisibisi, kaza nati huku bisibisi imeshikilia, halafu pima tena. Upime tena kweli, maana nati ikikazwa huburuta skrubu.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Watu huogopa tapeti inayogonga. Wakisikia ta-ta-ta-ta nyuma ya gari, wanakimbilia kwa fundi, na fundi asiye mwangalifu anazibana mpaka zinyamaze, mwenye gari anafurahi, analipa. Lakini iliyolegea kidogo inapiga kelele tu na kukupunguzia nguvu. Iliyobana ndiyo inayoua, na yenyewe haisemi. Vali ya kutolea hupitiwa na moto mfululizo, na nafasi yake ya kupoa ni pale inapokaa kwenye kiti chake na kumwaga joto kwenye silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda. Ukiinyima ile 0.15, haikai sawasawa. Inaungua pembeni, na siku moja kichwa chake hukatika, kikadondokea juu ya pistoni. Nimeona pistoni iliyotobolewa hivyo, nimeishika mkononi.

Itazame kwa jicho la pekee namba 3. Gari letu ni la 1968, na kwenye injini za wakati huo kipoza oili kimekaa ndani ya boma la feni, kwenye njia ya upepo unaoelekea silinda hiyo. Namba 3 inapata upepo uliokwisha kupashwa joto. Walikuja kukihamisha kwenye magari ya 1971, lakini letu halikuwahi. Ukikuta vali ya kutolea ya namba 3 imebana kuliko wenzake, andika kwenye daftari umeikuta kiasi gani, uirekebishe, na upime tena baada ya wiki mbili. Ikiwa imebana tena, nipigie kabla hujaenda safari yoyote.

Sasa kava zenyewe.

Uliuliza mbona hazina bolti. Hazina, na hazihitaji. Kila moja hushikwa na waya mmoja mnene wa chuma cha springi. Ncha zake mbili zimeingia kwenye matundu ya silinda hedi, na tumbo lake linapita juu ya kava. Ukiusukuma chini kwa bisibisi nene, kava inaachia. Ukiurudisha juu, unabana. Katikati ya kava pameminywa kijishimo, na waya lazima ulale ndani ya kijishimo kile. Usiwe kando yake, wala usiwe juu ya ukingo wake.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia kuhusu kijishimo hicho. Mwaka 1986 ulikuwa mdogo, bado unabebwa. Muuguzi mmoja aliniletea Volkswagen yake nimsetie tapeti, anataka kwenda kwao kesho yake alasiri. Nilimaliza magharibi, umeme umekatika, na kava ya kulia nikaifunga gizani kwa kupapasa. Nikasikia waya umelia ‘ta’, nikaridhika. Sikuchukua hata kibatari nikatazama. Waya ulikuwa umekaa kwenye ukingo. Alipita Muheza salama. Karibu na Hale, kwenye mashamba ya mkonge, waya ukateleza na kava ikalegea upande mmoja. Oili ikamwagika yote barabarani. Taa ya oili iliwaka, lakini jua lilikuwa linazama na yeye ni mwanamke peke yake, akaona asisimame porini, afike kwanza penye nyumba za watu. Simlaumu hata kidogo. Alipofika, beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zilikuwa zimekwisha.

Nililivuta gari lile mpaka Tanga nikalitengeneza kwa gharama zangu. Miaka ile unajua vipuri vilivyokuwa adimu. Ukipata bei, hupati kifaa, ukipata kifaa, huna bei. Ilinichukua miezi minne. Beringi nilizipata baada ya mama yako kuuza cherehani yake. Uliwahi kuniuliza, ukiwa darasa la nne, mbona kanga za mama zinashonwa kwa jirani wakati yeye anajua kushona. Nilikujibu kwamba amechoka. Jibu la kweli ndilo hili. Yeye mwenyewe aliniambia jana nikuandikie.

Kwa hiyo waya ukishapanda, chukua tochi, lala chini, utazame. Halafu upapase kwa kidole, kutoka upande mmoja wa kijishimo mpaka mwingine. Halafu uende upande wa pili ufanye vilevile.

Lakini hapo ni mwisho. Kabla yake kuna usafi, na kazi kubwa ya kava imo kwenye usafi. Gasketi kuukuu huwa imeganda. Kwenye kava ambayo ni bati la chuma unaweza kukwangua kwa kisu. Kwenye silinda hedi usithubutu: ile ni aluminiamu, laini, na mkwaruzo mmoja wa kisu ni mfereji wa oili kwa miaka yote iliyobaki. Hapo ndipo kazi ya kijiti changu. Lowesha kwa petroli kidogo, subiri, kwangua taratibu, pangusa kwa kitambaa kisichochanika nyuzi. Ziba kwanza mashimo ya ndani kwa kitambaa kingine ili uchafu usiingie, na ukitoe ukimaliza. Kihesabu: kimeingia kimoja, kimetoka kimoja.

Kava ikiwa safi na kavu, ilaze juu ya kioo cha meza, mdomo chini. Igonge kona kwa kidole. Ikichezacheza, imepinda, na gasketi ya aina yoyote haitasaidia. Huwa zinapinda kwa sababu watu huzing’oa kwa kuchomeka bisibisi kwenye mdomo. Ikiwa imepinda kidogo, inyooshe taratibu kwa nyundo ya mbao juu ya kitu bapa. Ikiwa imepinda sana, niambie, nina moja ya akiba uvunguni.

Gasketi ya koki, ile yenye chengachenga kama kizibo cha chupa, huwa inasinyaa ikikaa kwenye maduka yenye joto. Ukiona ni fupi haifiki kwenye kona za kava, usiivute, itakatika. Itie kwenye maji ya uvuguvugu kidogo, italainika na kurudi. Iache ikauke. Kisha paka gundi nyembamba upande wa kava tu, uibandike ndani ya mdomo wake, uigeuze kava juu ya kioo, weka tofali juu, uiache ilale usiku mmoja. Upande unaotazama silinda hedi usipake gundi. Paka grisi, utando tu kama mafuta unayompaka mtoto. Faida yake ni kwamba mara nyingine ukifungua, gasketi inabaki kwenye kava nzima nzima, hukwangui tena kitu.

Unapoirudisha, ishike kava kwa kiganja ikae sawa pande zote, gasketi isijikunje, ndipo upandishe waya. Waya ukipanda kwa ulaini kama unafunga dirisha, umechoka; nunua mwingine. Kuna watu huukunja ili ubane zaidi. Mimi sikushauri, hubana katikati na kuacha kona.

Washa injini, iache ipate moto, kisha tembea na gari kidogo mtaani. Ukirudi, tandika boksi safi chini, usiku kucha. Asubuhi ukikuta tone, usiilaumu kava upesi. Chini yake kidogo kuna mabomba manne kila upande, yale yanayopitisha pushirodi, vijiti vinavyosukuma roka, na sili zake zikizeeka oili hushuka ikatambaa mpaka kwenye ukingo wa kava, ukadhani inatoka hapo. Pangusa yote yakauke, pakaza unga wa chaki, tembea tena, utaona mchirizi unaanzia wapi. Na ukiwa ndani ya gari ukasikia harufu ya oili inayoungua, simama. Hiyo inadondokea kwenye ekzosi, ambayo inapita hapohapo chini.

Nimeandika mengi. Nikiwa mtoto, mwaka 1962, redio ilitangaza kwamba Tommy Fjastad ameshinda mbio za magari za Safari kwa Volkswagen, na baba yangu akatoka nje kwenda kumwambia jirani kana kwamba ni sisi tulioshinda, wakati hatukuwa hata na baiskeli. Gari la mwisho la aina hii limetoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21. Mgongo wangu haunipeleki tena chini ya gari, na wewe peke yako ndiye uliyeniomba ulichukue badala ya kuniambia niliuze. Hilo sijakushukuru, nakushukuru sasa.

Gasketi kuukuu usizitupe. Andika ‘kulia’ na ‘kushoto’, zifunge kwenye gazeti zikiwa bapa, umpe kondakta huyohuyo akirudi Jumatatu. Nataka kuona zilivyominyika. Pale ambapo hazikuachiwa alama ndipo kava ilipokuwa haigusi, na nitakupigia jioni hiyo kukuambia ni kona gani.

Baba yako