Malalamiko kuhusu seramu ya makovu

Kisauni,
Mombasa.
14 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vipodozi,
Nyali.

Bwana/Bibi,

KUH: MAELEZO YASIYO YA KWELI KWENYE SERAMU YA MAKOVU

Tarehe 6 Desemba mwaka jana nilinunua dukani mwenu seramu ya mililita 30 kwa shilingi 3,800, nikaipaka kila usiku kwenye kovu nililoachiwa mkononi na mafuta ya kukaangia mahamri. Chupa imekwisha na kovu liko vilevile.

Hata hivyo, kilichonikera zaidi ni kikaratasi kilichomo kwenye boksi. Mchoro wake unaonyesha protini ya ukuaji iitwayo EGF ikitoboa utando wa seli na kwenda moja kwa moja kwenye kiini “kurekebisha jeni”. Nimefundisha baiolojia miaka 22, na mwanafunzi akinichorea hivyo humpa sufuri. EGF, yenye asidi amino 53, hubisha hodi nje. Utando una vipokezi, yaani protini za kupokea ujumbe, vilivyoupenya toka nje hadi ndani. Protini hiyo inapojishikiza upande wa nje, vipokezi viwili huungana, na sehemu zake zilizo ndani ya seli hupachikana fosfeti, kikundi kidogo cha kemikali kinachoziwasha. Hapo ndipo protini nyingine za ndani, Ras ikiwa mojawapo, hupokezana ujumbe mpaka kwenye kiini, ambako jeni za ukuaji huamshwa. Ni kweli kwamba baadaye kipokezi na mgeni wake humezwa na seli, lakini aghalabu huishia kuvunjwavunjwa, na hivyo ujumbe ukazimwa.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinihakikishia kwa fahari kwamba athari ya seramu hii “haizimiki”. Mola apishe mbali! Kipokezi hichohicho kikiharibika kikawa hakizimiki, huchangia baadhi ya saratani za mapafu.

Isitoshe, tabaka la nje la ngozi isiyo na jeraha hupitisha kwa shida sana molekuli zinazozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali EGF ina takriban 6,000. Kikaratasi hakisemi lolote kuhusu namna inavyovuka kizuizi hicho hata ivifikie vipokezi vyenyewe.

Naomba nirudishiwe fedha zangu ndani ya siku 14, na kikaratasi hicho kiondolewe kwenye maboksi yaliyosalia rafuni. Nimeambatisha nakala ya risiti pamoja na kikaratasi chenyewe, nikiwa nimekisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Wako mwaminifu,
Mteja, mwalimu wa baiolojia