Tusisage kila kidonge kwa ajili ya mrija

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenzangu hapa Uganda wanaowauguza nyumbani wagonjwa wanaolishwa kwa mrija, hasa waliopatwa na kiharusi, wasisage kidonge chochote kabla ya kumuuliza mfamasia. Vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, kama vile nifedipini (dawa ya kushusha shinikizo la damu) ya aina hiyo, vikisagwa huachilia dozi nzima kwa mkupuo, na shinikizo la damu laweza kushuka ghafla kiasi cha kumhatarisha mgonjwa. Pengine ipo dawa ya maji badala yake, iulizieni.

Kila dawa isagwe peke yake hadi iwe unga laini, ikorogwe katika maji yaliyochemshwa yakapoa, wala isichanganywe na uji, kwa maana mrija ukiziba, safari ya kwenda kuubadilisha hospitalini ni mzigo mzito kwa familia za vijijini. Mrija usafishwe kwa maji kabla ya dawa, baina ya dawa na dawa, na baada yake. Kwa mtu mzima, mililita 15 hadi 30 za maji hutosha kila mara, isipokuwa daktari ameagiza vingine.

Nawaomba pia wauguzi wa wodini wasimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani kabla mtunzaji wake hajaifanya kazi hii mbele yao.

Muuguzi mstaafu,
Mbale