Risala ya Akina Mama Wauza Vyakula Stesheni ya Mlimba kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, wageni waalikwa, akina mama wenzetu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha siku hii ya kuvunja kikoba, na wewe kwa kuitikia wito wetu. Hesabu amekwisha kuzisoma mweka hazina. Risala hii ni ya reli, kwa sababu fedha zote alizozitaja zimetoka relini.

Treni ya kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, ikipiga honi, hata iwe saa nane usiku, mabeseni yanapanda vichwani. Wali kuku, ndizi mbivu, mchele uliofungwa kilo tano tano. Kila mama ana behewa lake, na ole wake anayeingilia la mwenzake. Mkono unatoka dirishani na noti ya kwacha; nawe, sahani mkononi na tochi mdomoni, unaigeuza kuwa shilingi kabla treni haijaondoka.

Mheshimiwa, husemwa kwamba TAZARA, reli hii ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, tulipewa na Wachina. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita kwao, ilikosa njia ya kutegemewa kwenda baharini. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda waliomba nchi za Magharibi fedha za kujenga reli, wakaambiwa reli hiyo hailipi. China, nayo ikiwa maskini wakati huo, ilikubali mwaka 1967: mkopo usio na riba, kilomita 1,860. Kazi ilianza 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Dar es Salaam. Anayetaka kujua walichopambana nacho apande treni hapa kwenda Makambako, ahesabu mahandaki.

Lakini mkopo si zawadi. Tena gharama za humu nchini, mishahara ya vibarua ikiwemo, zilitokana na mauzo ya bidhaa za China katika maduka yetu. Kumbe bibi zetu walionunua vitambaa na vyombo vya Kichina nao walijenga reli. Hatujawasikia wakitajwa kwenye sherehe yoyote, basi leo tunawataja sisi.

Sasa upo mkataba wa mwaka 2025: kampuni ya Kichina iwekeze takriban dola bilioni 1.4, ikarabati kwa miaka mitatu, kisha iendeshe hadi itimie miaka 30. Tumeupokea kwa furaha, na kwa wasiwasi kidogo. Shaba ndiyo inayowavuta wawekezaji, na behewa la shaba halinunui wali.

Kwa hiyo tunaomba treni ya abiria isisahauliwe, wala muda wake wa kusimama Mlimba usipunguzwe. Mafundi wakifika, chakula chao kinunuliwe hapa. Vijana wetu wasiishie kubeba kokoto. Enzi zile wapo waliopelekwa hadi Beijing kusomea reli. Muhtasari wa mkataba ubandikwe kwa Kiswahili ofisi ya kijiji, tusome wenyewe. Na banda, Mheshimiwa. Masika tunauza tumejifunika mifuko ya nailoni.

Chakula kiko tayari, na leo hulipi.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.