Usiiuze ile Mini

Tartu, Estonia

Swahiba wangu,

Shikamoo zangu zimfikie mama, na watoto wote wa nyumbani nawasalimu. Ujumbe wako nimeupata juzi usiku, nikausoma mara tatu. Umesema mnunuzi wa vyuma chakavu amerudi tena pale Chumbageni, na safari hii umekaribia kumpa ile Mini, kigari cha Kiingereza cha marehemu baba yako. Nakuomba usubiri kwanza. Nisipokwambia ninayoyaona huku, nitakuwa nimekukosea wewe na yule mzee aliyetufundisha sote wawili kushika usukani.

Mwaka wa kwanza nilipofika hapa nilitafuta Mini ya zamani kama anayetafuta ndugu. Sikuiona. Mini ilianza kuundwa mwaka 1959 ikakoma 2000, na Estonia, Latvia na Lithuania zilikuwa chini ya Wasovieti mpaka 1991. Yaani robo tatu ya umri wa gari lile, mtu wa hapa hakuwa na duka la kulinunua. Kwa hiyo hakuna babu wa kijijini mwenye Mini yake chini ya mti kama ilivyo kwenu. Anayeitaka huagiza nje, na ukiona usukani uko kulia, ujue imevuka bahari kutoka Uingereza. Hata hilo lilikuwa na vita vyake: Lithuania ilikuwa ikikataa kusajili magari madogo ya abiria yenye usukani wa kulia, mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua mwaka 2014 kwamba inavunja sheria za Umoja wa Ulaya.

Kigari chao cha ukubwa huo ni Zaporozhets, gari la enzi za Wasovieti. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliniita siku moja bandani kwake, akavuta turubai. Swahiba, ungekuwepo! Injini iko nyuma, silinda nne zimekaa kwa umbo la V, na inapozwa kwa upepo. Hakuna rejeta, hakuna maji ya kuchemka. Ubavuni, nyuma ya milango, kuna matundu mawili makubwa ya kuvutia hewa yaliyotokeza nje kama masikio, na watu waliliita hivyo hivyo, la masikio. Toleo la kwanza, la mwaka 1960, lilikuwa na injini ya cc 746 tu, na milango yake ilifunguka kuelekea nyuma. Kwa kuwa hakuna maji ya moto ya kupasha chumba, waliliwekea hita yake yenyewe inayochoma petroli. Fikiria baridi ya huku, nyuzi 20 chini ya sifuri, halafu uambiwe hita imegoma.

Mzee alinisimulia kwamba baba yake alilingoja gari hilo miaka kwa miaka. Zama zile fedha peke yake haikutosha, kulikuwa na foleni, na foleni yenyewe ilipitia kazini kwako. Waliojeruhiwa vitani walipewa Zaporozhets za kuendeshwa kwa mikono bila pedali. Alipokuwa akieleza hayo alikuwa akilipapasa boneti, ambalo kwa gari hili ndilo buti, na mimi nikamkumbuka baba yako na kile kitambaa chake cha njano.

Sasa sikia shida yake. Gari la mwisho la aina hii lilitoka kiwandani Zaporizhzhia, Ukraine, mwaka 1994. Injini zilikuwa zikitengenezwa Melitopol, na tangu 2022 mji huo umeshikwa na majeshi ya Urusi. Mzee anaishi kwa spea alizojiwekea kwenye makopo, na anazoziokota kwa wenzake waliokufa wakaacha mabanda. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inakula bodi kama mchwa, ndiyo maana baridi ikiingia analifungia hadi masika.

Baada ya uhuru, watu walikimbilia magari yaliyotumika kutoka Ujerumani. Pale Marijampolė, Lithuania, lilizuka soko la magari linalojulikana ukanda mzima. Siwalaumu, mtu aliyengoja foleni maisha yake yote ana haki ya kuchagua. Lakini vigari vya zamani vingi viliishia kwa wanunuzi wa vyuma, na leo watoto wa wale waliouza ndio wanaozunguka vijijini wakiulizia. Waliobahatika ni Walatvia: wapenzi wa magari ya kale walijiunga katika klabu tangu 1972, na kazi yao ndiyo iliyozaa makumbusho ya magari ya Riga mwaka 1989.

Wewe huna shida ya mzee huyu. Spea za Mini zinatengenezwa upya Uingereza mpaka leo, hata bodi nzima inapatikana mpya. Gari lako linaweza kupona.

Basi nifanyie haya. Inua zulia utazame sakafu, halafu lala chini uchunguze ile fremu ndogo ya nyuma inayoshika magurudumu, maana huko ndiko kutu huanzia. Gonga kwa bisibisi. Ikizama, nipigie picha. Toa plagi, mimina mafuta ya injini kidogo kwenye kila silinda, uyaache siku kadhaa kabla ya kujaribu kuizungusha kwa mkono. Usitumie stata. Andika namba ya chesisi na ya injini. Lipandishe juu ya matofali, na hao kuku uwahamishe.

Gharama za spea za kwanza niachie mimi. Nimeshaanza kuweka akiba.

Na yule mnunuzi akirudi, mwambie gari lina mwenyewe.

Wako wa tangu utotoni.