Pikipiki kubwa ya safari iliyotumika: kilomita chache zisikupumbaze

Karibu kila mteja anayetupigia simu kabla ya kununua pikipiki kubwa ya mwendo kasi na safari ndefu huanza na swali moja: imetembea kilomita ngapi? Ni swali zuri, ila sisi mafundi tunaozifungua pikipiki hizi tungependa liwe la tatu. La kwanza liwe: mara ya mwisho ilitembea lini? La pili: nani alikuwa akiifanyia sevisi, na risiti ziko wapi?

Tunazungumzia pikipiki za aina ya Honda CBR1100XX Super Blackbird, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2007. Au Suzuki Hayabusa, iliyoingia sokoni mwaka 1999 na injini ya cc 1,299, ikaongezwa hadi cc 1,340 katika toleo la 2008. Zimo pia Kawasaki ZZR1400 ya kuanzia 2006, Honda VFR800 na Yamaha FJR1300. Zote zimeundwa zimbebe mtu, abiria na mizigo, zikae barabarani kutwa nzima, na bado ziwe na nguvu ya kuyaacha magari mengi nyuma. Zilipokuwa mpya zilikuwa za wachache. Leo nyingi zimeshuka bei kiasi kwamba mtu anaweza kuinunua kwa akiba yake. Spea zake hazijashuka. Tairi, diski za breki, sensa na makava ya plastiki bado yanauzwa kwa hadhi ya pikipiki iliyokuwa ghali, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama miezi michache baada ya furaha ya kwanza.

Sasa tuseme umepata mbili. Ya kwanza ina miaka 15 na imetembea kilomita 12,000 tu, inang'aa, imefunikwa turubai. Ya pili ina umri uleule, imetembea kilomita 70,000, ina mikwaruzo ya kawaida na faili nene la risiti. Wengi huikimbilia ile ya kwanza. Sisi tungeanza na ya pili, na mara nyingi tungeishia hapo.

Injini ya silinda nne inayopozwa kwa maji, ikibadilishiwa oili kwa wakati, si ajabu kuvuka kilomita 100,000 bila kufunguliwa. Imetengenezwa kwa mwendo, na barabara kuu haiichoshi sana. Kinachoiumiza ni kusimama. Petroli inayokaa kwenye tanki na mirija huacha utando unaoziba nozeli. Unyevu ndani ya tanki lisilojaa huleta kutu, na kutu hiyo huishia kwenye pampu ya mafuta. Oili sili za shokapu za mbele hukauka, kisha siku pikipiki inapoanza kutembea tena ndipo zinapovuja. Maji ya radieta yakipitiliza umri wake hupoteza kinga, yanaanza kula alumini kwa ndani. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa hata kama hakuna aliyegusa breki, na ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili bila kujali pikipiki imetembea kiasi gani. Hayo yote hayaonekani kwenye dashibodi.

Anza na tairi, kwa sababu tairi haiwezi kusema uongo. Ubavuni kuna neno DOT likifuatiwa na mfululizo wa herufi na namba, na mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3214, tairi ilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014, na haijalishi kashata zake bado zina kina cha kuridhisha: mpira umeshakuwa mgumu na hautashika lami yenye maji. Kisha piga magoti nyuma ya pikipiki uangalie umbo la tairi. Ikiwa imelika katikati na kubaki bapa, jua imekula safari nyingi zilizonyooka. Tairi bapa huifanya pikipiki ikatae kulala kwenye kona, halafu ghafla iangukie ndani, na wengi hudhani ni ubovu wa fremu. Angalia pia herufi ya mwendo. V inaishia kilomita 240 kwa saa, W inaishia 270, na W ikiwa ndani ya mabano ni kwa mwendo unaopita hapo. Kama kitabu cha pikipiki kinataka W yenye mabano na muuzaji amefunga V, mwenye pikipiki alianza kubana matumizi mahali pasipofaa. Ukute wapi pengine amebana.

Umeme unastahili muda wako zaidi ya kitu kingine chochote, maana ndio unaowaacha watu njiani. Mfumo wa kuchaji wa pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 na 2000 unafanya kazi hivi: koili zilizo ndani ya injini huzalisha umeme kwa nguvu inayolingana na mzunguko wa injini, na regyuleta inaugeuza umeme huo uwe wa aina ya betri, kisha ile ziada inaichoma kuwa joto. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa kucha, kuchoma ziada. Regyuleta nyingi zimefichwa chini ya kiti au nyuma ya makava, pasipo upepo wa kutosha. Baada ya miaka inachoka. Kabla haijafa, mara nyingi soketi inayoiunganisha na koili, yenye waya tatu, huanza kubadilika rangi na kuyeyuka.

Unaweza kuligundua tatizo hili mwenyewe kwa multimita ya bei nafuu. Pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima husoma karibu volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 5,000 kwa dakika, upime tena palepale kwenye betri. Unataka kuona kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi, na utafika mbali kidogo tu kabla injini haijazima. Ikipita 15 ni mbaya zaidi, kwa sababu sasa betri inachemka na kompyuta ya injini iko hatarini. Rudia kipimo baada ya injini kupata moto wa kutosha, maana regyuleta iliyochoka hujificha ikiwa baridi. Muuzaji akikuambia "hiyo ni betri tu, ukibadilisha imekwisha", muombe akuruhusu uupime mfumo mbele yake. Betri mpya kwenye mfumo mbovu hufa kama ile ya zamani.

Sisi tunapobadilisha, tunafunga regyuleta ya aina ya MOSFET, ambayo haipati joto kiasi kile, na soketi iliyoungua tunaikata tuweke mpya yenye waya nene. Kubadilisha regyuleta na kuirudisha kwenye soketi ileile nyeusi ni kumchelewesha mteja tu.

Kwenye breki, Super Blackbird na baadhi ya VFR zina jambo lake. Honda waliziunganisha breki za mbele na za nyuma, kwa hiyo ukishika breki ya mkono, ya nyuma nayo inafanya kazi, na ukikanyaga pedali, ya mbele inashika. Ni mfumo mzuri ukitunzwa. Lakini una pampu ndogo ya pili iliyofungwa kwenye kalipa ya mbele, na kutoa hewa ndani yake kunafuata mpangilio maalumu. Fundi asiyeufahamu ataacha hewa ndani, nawe utaona breki laini, au gurudumu la nyuma linalobaki limeshikwa. Inua pikipiki kwenye stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kanyaga breki uachie, zungusha tena. Lazima liachie mara moja.

Sasa ajali. Kupaka rangi upya ni rahisi, na makava ya bandia yanapatikana kwa urahisi, kwa hiyo uzuri wa nje usikusumbue akili. Tazama ncha za usukani, ncha za mikono ya klachi na breki, pegi, na ubavu wa ekzosi. Halafu fanya hili ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, uchungulie chini ya shingo ya fremu mahali unapogota. Pana vijinundu vidogo vya chuma vinavyozuia usukani usipitilize. Vikiwa vimebonyea, au kimoja kimevunjika, pikipiki hiyo iligonga kitu kwa nguvu kwa mbele, hata kama muuzaji anaapa kwamba iliangukia gereji ikiwa imesimama. Ukishafika hapo, linganisha namba ya chesisi iliyopigwa shingoni na iliyo kwenye hati za umiliki, tarakimu kwa tarakimu.

Ukivutiwa na Hayabusa ya miaka ya mwanzo, toa kiti cha nyuma. Matoleo ya 1999 na 2000 yalikuwa na fremu ndogo ya nyuma ya alumini, ile inayobeba kiti na abiria, na baadhi zilipasuka. Kuanzia 2001 Suzuki waliifanya ya chuma. Kwa mtu anayepanga kusafiri na mwenza na masanduku matatu, hilo ni jambo la kuamua kununua au kuacha.

Injini iwe baridi utakapofika. Iguse kwa mkono kabla ya salamu kuisha. Muuzaji aliyeipasha moto mapema mara nyingi anaficha sauti ya cheni ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), ambayo tenshena yake, yaani kikazio chake, ikichoka hukwaruza sekunde chache za mwanzo. Moshi wa bluu wakati wa kuwaka ni oili inayopenya kwenye silinda. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, usiokoma hata injini ikipata moto, ni maji ya radieta yanayoungua. Hapo shukuru, aga, ondoka.

Muulize pia kuhusu uwazi wa valvu, ile nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Hayabusa na Blackbird hutakiwa kukaguliwa valvu kila kilomita 24,000 hivi, na kazi yenyewe si ya saa moja, kwa sababu lazima uvue makava, tanki na boksi la hewa kabla ya kuzifikia. Wamiliki wengi huuza pikipiki inapokaribia kukaguliwa. VFR800 ya mwaka 2002 kwenda mbele, yenye mfumo wa VTEC (unaobadili idadi ya valvu zinazofanya kazi kulingana na mizunguko ya injini), ina kazi ndefu zaidi. Ducati za ST zina mikanda ya mpira badala ya cheni ya kamshafti, na mikanda hiyo hubadilishwa kwa umri hata kama pikipiki haikutembea. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Kama hakuna risiti inayoonyesha imekaguliwa, hesabu kwamba haikukaguliwa, upunguze gharama hiyo kwenye bei.

Ukishainunua, matunzo yake ni ya kawaida ila hayataki uvivu. Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini; oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi itaanza kuteleza. Cheni ya gurudumu isafishwe na kupakwa mafuta, na ukiivuta nyuma ya sproketi (gia yenye meno inayoshika cheni) ikaonyesha nusu ya jino, imekwisha. Ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili. Mwenye FJR hana shida ya cheni kwa sababu gurudumu lake linazungushwa na shafti, lakini oili ya shafti nyuma isisahaulike, na ikitoka na vipande vya chuma tuletee kabla ya safari. Upepo wa tairi upime zikiwa baridi, na uuongeze unapobeba abiria kama kitabu kinavyoelekeza. Pikipiki hizi ni nzito, FJR ikijazwa mafuta inakaribia kilo 290, na upepo pungufu unaonekana haraka kwenye kona na kwenye mfuko. Na uiendeshe. Mara moja kwa wiki mbili, safari ya kutosha injini ipate moto kamili, ni bora kuliko kuiwasha imesimama dakika tano kisha kuizima.

Ukaguzi wetu kabla ya kununua unachukua karibu nusu siku. Tunavua makava ya pembeni, tunapima kuchaji ikiwa baridi na ikiwa moto, tunapima mgandamizo wa silinda zote, tunakagua breki, shingo ya usukani, beringi za magurudumu, shokapu, na fremu ya nyuma. Unapewa karatasi yenye picha, ikitenganisha ya lazima kabla ya kuiendesha, ya ndani ya mwaka wa kwanza, na ya kuvumilia. Karatasi hiyo ni yako, hata ukiamua kutoinunua, na wateja wengi huitumia kupunguza bei.

Tunachoomba kwako ni mambo matatu. Tuletee nakala ya hati za umiliki na risiti zozote za sevisi siku moja kabla. Mwambie muuzaji asiiwashe asubuhi hiyo. Kama haiwezi kuletwa kwa gari, tutaifuata ilipo. Na usilipe hata arubuni kabla hujasoma karatasi yetu. Muuzaji akikataa isikaguliwe, tupigie, tutakusaidia kutafuta nyingine.