Urithi wa Waswidi umo jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalolithamini mno tangu nilipoolewa hapa Minnesota, katika ukoo wenye asili ya Uswidi.

Kati ya miaka ya 1840 na 1930, Waswidi zaidi ya milioni 1 walihamia Marekani, wengi wao wakikimbia uhaba wa ardhi na njaa, hasa ile ya mwaka 1867 hadi 1869. Minneapolis ina jumba la makumbusho yao, American Swedish Institute, nasi hulitembelea kwa furaha, lakini kwa maoni yangu urithi huo unaishi zaidi jikoni, siku za kawaida, pale watoto wanaporudi kutoka shuleni wakakuta vitufe vya nyama ya kusaga na jemu ya matunda mekundu ya lingon.

Tarehe 13 Desemba, Siku ya Mtakatifu Lucia, mama mkwe huamka kabla ya alfajiri akakanda unga wenye zafarani, akausokota kwa umbo la herufi S, kisha binti yangu hudidimiza zabibu kavu moja katika kila ncha, akiwa ameshika pumzi. Mikate mingine hutiwa iliki, kiungo ambacho msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, na harufu yake ndiyo iliyonifanya nijihisi mwenyeji katika nyumba ile tangu asubuhi ya kwanza.

Lugha ya Kiswidi imepungua sana katika ukoo huu, ila majina ya vyakula hivyo watoto huyatamka vizuri kabisa.

Msomaji wako,
Minneapolis, Marekani